Kiporo cha Nyuzi 165

"Mwanaume mzima, ndevu zote hizo, unasomea kunawa mikono?"

Hiyo ni sauti ya mama yangu akiwa Tanga, siku nilipompigia simu kumweleza kwamba nimenunua kitabu cha kujiandaa na mtihani wa usalama wa chakula. Nilitegemea dua. Nikapata kicheko, halafu nikasikia habari ikipelekwa kwa jirani aliyekaa naye barazani: "Eti huko Marekani kunawa kuna mtihani!" Jirani akacheka. Nyuma yao mbuzi akalia, na hadi leo sijaamua kama ilikuwa sadfa.

Nikajitetea. Nikamweleza Mama kwamba kunawa kwa mpishi si kule kuchovya vidole kwenye bakuli ubwabwa ukiwa unanukia. Kuna hesabu yake: zoezi zima lisipungue sekunde 20, na kati ya hizo, 10 hadi 15 ni za kusugua kwa sabuni, viganja, migongo ya mikono, kucha na katikati ya vidole.

"Sasa hizo sekunde utazihesabu na nini, na mikono ina povu?"

Hapo akanishika. Saa ya mkononi mpishi haruhusiwi kuvaa akiwa anapika; pete anaachiwa moja tu, ile isiyo na kito wala nakshi. Mwishowe binti yangu wa miaka saba alijipa kazi ya kunihesabia kwa sauti. Ni mtoto wa haki sana. Kila nilipojikuna pua alianza upya kutoka moja.

Mama ana sababu ya kucheka. Ameuza wali na maharage Ngamiani zaidi ya miaka ishirini, kadi yake ya kupimwa afya ikiwa imekunjwa ndani ya kanga, na anapenda kusema kwamba hakuna mteja wake hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Nikiwa mtoto niliona ni sifa kubwa. Baada ya kusoma kitabu nilitamani kumuuliza kama walikuwa wanarudi kabisa, nikakumbuka kwamba radhi ya mama haina duka la kuinunua.

Mimi ni mpishi katika makao ya wazee mjini Columbus, Ohio. Alfajiri napika uji wa shayiri, mchana supu, jioni kuku wa kuoka na viazi vya kuponda. Baada ya miaka mitatu bosi wangu akaniita, akasema anataka niwe mkuu wa zamu, ila mkuu wa zamu sharti awe na cheti cha meneja wa usalama wa chakula. "Mtihani wenyewe mwepesi tu," akaniambia, kwa utulivu wa mtu aliyeufanya kwa lugha aliyonyonya na maziwa.

Mtihani huo unaitwa ServSafe. Maswali 90, saa mbili. Yanayohesabiwa ni 80. Kumi mengine ni ya majaribio, lakini huambiwi ni yapi, kwa hiyo unayatokea jasho yote sawasawa. Unaweza kuufanya kwa Kiingereza, kwa Kihispania, hata kwa Kichina. Kiswahili hakimo. Kibaya zaidi, joto lote limeandikwa kwa kipimo cha Bwana Fahrenheit, aliyekitunga mwaka 1724 bila kumshauri mtu yeyote wa pwani. Kwetu maji huganda kwenye sifuri na kuchemka kwenye mia, na mtu unaelewa. Kwake huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212, kama namba za basi.

Ikabidi nikariri. Kati ya nyuzi 41 na 135, yaani kama 5 hadi 57 kwa kipimo chetu, ndilo linaloitwa eneo la hatari: humo bakteria hustarehe na kuzaana. Nilipopiga hesabu nikagundua kwamba Tanga nzima, mchana wa Februari, watu na magari na msikiti na soko, iko ndani ya eneo la hatari.

Halafu kuna vitu sita vinavyowakuza bakteria, ambavyo Wamarekani huvikumbuka kwa jina la mtu mnene aitwaye Tom, kwa sababu herufi zake zinalingana na maneno ya Kiingereza. Nikivigeuza Kiswahili, Tom anasambaratika: chakula, asidi, joto, muda, oksijeni, unyevu. Nikakaa usiku mzima nikitafuta mnyama wa kunisaidia, nikaambulia hiki: Chura Alijificha Jikoni Mwezi Oktoba Usiku. Mke wangu aliniuliza chura huyo alikuwa anafanya nini jikoni. Nikamwambia anakuza bakteria. Akazima taa.

Wiki ya kwanza nilijipima kwa maswali 80 ya mazoezi. Nilipata 41. Namba ileile ya friji.

Ndipo akatokea mtu ambaye nitamwita Bwana Majibu. Tulikutana nje ya duka moja linalouza unga wa mahindi, mawese na vitenge, mimi nikiwa nimebeba kitabu kwapani kama mwalimu wa madrasa. Akakitazama kwa huruma. Akaniambia kwamba watu wenye akili hawasomi kile. Yeye anayo majibu yote kwenye simu, dola 60, unakariri usiku mmoja, kesho yake wewe ni meneja.

Wasomaji wangu, sitawadanganya. Niliuliza kama bei inapungua.

Akagoma kupunguza, lakini akanionjesha maswali matatu bure, kama muuza chungwa anavyokukatia kipande. La kwanza, la kunawa mikono, lilikuwa sawa. La pili, la joto la friji, sawa. La tatu lilisema kuku apikwe hadi afike nyuzi 145. Hapo nikasita. Nyuzi 145 ni za samaki, kwa sekunde 15. Nyama ya kusaga ni 155, kwa sekunde 17. Kuku ni 165, kama 74 kwa kipimo chetu, na akizifika sehemu yake nene hangoji zaidi. Nilizijua namba hizo kwa sababu binti yangu alikuwa amezigeuza wimbo wa kurukia kamba.

Kumbe Bwana Majibu alikuwa akiuza kuku mbichi kwa dola 60.

Nilirudi nyumbani na pesa zangu na kitabu changu, nikijiona mtu mwadilifu kuliko wote jimboni. Uadilifu wangu unasimama kwa miguu miwili, kumcha Mungu na ubahili, na siku ile sina hakika ni mguu upi uliotangulia. Lakini jambo moja lilinikaa. Tatizo la majibu yale halikuwa wizi peke yake. Majibu ya kununua hayana sababu. Ukiuliza kwa nini kuku ni 165 na samaki ni 145, simu ya Bwana Majibu haina la kukwambia, kwa hiyo hata namba ikikosewa huna njia ya kujua.

Nami sikuwa na haki ya kumcheka sana, maana nilikuwa na ugonjwa wa jirani yake: nilikuwa nasoma nusu ya ukurasa.

Chukua habari ya kupoza. Juu ya ukurasa, kitabu kinasema chakula cha moto kishuke kutoka nyuzi 135 hadi 70 ndani ya saa mbili, kisha kutoka 70 hadi 41 ndani ya saa nne nyingine, na kwamba barafu inasaidia. Nilipofika kwenye barafu nilifunga kitabu na kwenda kituo cha mafuta kununua mifuko minne. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, mwezi wa Januari. Tangu kabla ya alfajiri nilikuwa nimepika maharage ya nazi, sufuria kubwa lile la harusi, nusu kwa ajili ya familia na nusu kwa ajili ya sayansi. Sinki halikulitosha. Nikalipeleka kwenye beseni la kuogea, nikalizungushia barafu na maji, nikavuta kigoda, nikakaa na kipimajoto na daftari kama mkunga.

Kila robo saa nilipima na kuandika. Saa mbili zilipotimia, maharage ya juu yalikuwa nyuzi 64. Nikashangilia. Kisha nikazamisha kipimajoto hadi katikati: 101. Juu ilikuwa Columbus, katikati ilikuwa bado Tanga.

Saa hiyohiyo mke wangu akaingia kutoka zamu ya usiku, miguu imekufa ganzi kwa baridi, ndoto yake pekee duniani ikiwa ni maji ya moto. Akafungua mlango wa bafu. Akanitazama mimi, akalitazama sufuria lililojinyoosha katikati ya barafu, mfuniko pembeni.

"Baba watoto," akasema polepole, "maharage yanaoga, mimi nipange foleni?"

Baadaye, nikiwa nimehamishiwa sebuleni, nilisoma nusu ya chini ya ule ukurasa. Ilisema kwamba chakula kizito hakipozwi kikiwa kwenye chungu chenye kina: kigawe kwanza kwenye vyombo vipana visivyo na kina, ukikoroge, ndipo barafu ifanye kazi. Mstari mmoja tu. Ungeniokolea mifuko minne ya barafu na siku mbili za kununiwa.

Nyumba ikaendelea kuteseka. Nilipanga friji upya kwa mujibu wa sheria, vya kuliwa bila kupikwa rafu ya juu, kuku mbichi rafu ya chini kabisa asije akawadondoshea wenzake maji yake, na mboga za mke wangu zikahamishwa bila barua. Nikabandika tarehe kila kitu, kwa kuwa chakula kilichopikwa kikikaa kwenye nyuzi 41 mwisho wake ni siku saba. Asubuhi moja niliamka nikakuta kikaratasi kwenye paji la uso: "Baba. Tupa baada ya Jumapili." Nikawaeleza wageni kwamba ufuta ni kizio cha tisa, yaani chakula kiletacho mzio, tangu Januari 2023, pamoja na maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, ngano, soya, karanga na jamii ya korosho. Walikuwa wamekuja kula mkate wa ufuta. Wakala kimya, wakijisikiliza.

Sasa nifike kwenye kiporo.

Kwetu kiporo si makombo. Kiporo ni kifungua kinywa chenye heshima zake: wali wa nazi uliolala, ukapashwa mpaka ukoko ukanukia, ukaliwa na chai ya rangi. Kuna watu hupika wali mwingi jioni kwa makusudi, na mimi ni mmoja wao. Ijumaa moja, wiki moja kabla ya mtihani, wali uliiva saa moja usiku. Kazi ya kuuingiza kwenye friji ilikuwa yangu. Nikakaa kusoma habari za friji hadi nikasinzia, wali ukalala jikoni, umefunikwa vizuri, kwenye uvuguvugu wa nyumba ya Marekani inayopashwa moto usiku kucha.

Saa kumi na mbili asubuhi nikaukuta. Mtu wa kawaida angesita. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba chakula kinachopashwa upya lazima kifike nyuzi 165 ndani ya saa mbili. Nikaupasha. Nikachomeka kipimajoto katikati, si juu, maana maharage yalishanifunza. Kikasoma 165. Nikangoja kidogo, kikasoma 170. Nikajipongeza kwa sauti. Nikala sahani mbili.

Saa tatu asubuhi nilikuwa bafuni, nimelikumbatia beseni lilelile.

Katikati ya safari mbili za kule, nilijikokota hadi kwenye kitabu nikafungua ukurasa uleule. Nusu ya juu: pasha hadi 165. Nusu ya chini: hiyo ni kwa chakula kilichopozwa na kuhifadhiwa ipasavyo. Kilicholala nje, tupa. Mbele kidogo nikakutana na mwenyeji wangu kwa jina lake kamili, Bacillus cereus. Huyu hukaa kwenye mchele akiwa kama mbegu ngumu, na kuchemsha hakumuui. Wali ukiachwa kwenye uvuguvugu, mbegu huamka, hustawi na kutema sumu. Sumu hiyo ukiipasha moto haiharibiki. Inapata moto tu. Dalili yake ni kutapika, kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Maabara sikwenda, lakini saa zililingana kabisa. Nilikuwa nimepasha sumu kwa usahihi wa kitaalamu.

Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa limetulia. Zamu yangu ilianza saa nane mchana. Na hapa ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe, usio na msimamizi wala kompyuta. Sheria nilikuwa nimeisoma, safari hii ukurasa mzima: mpishi aliyetapika amweleze mkuu wake, na asikanyage jikoni mpaka apitishe saa 24 bila dalili, au aje na karatasi ya daktari. Ilikuwa Jumamosi, watu kazini wachache. Zamu isiyofanyika haina malipo. Uso wangu ulikuwa umerudi rangi. Nani angejua?

Nikamkumbuka Mary Mallon. Kitabu kilinipeleka kwake nami nikamsoma zaidi: mpishi wa New York, mzaliwa wa Ireland, aliyebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Mwaka 1907 aligunduliwa, akawekwa kwenye kisiwa cha North Brother. Mwaka 1910 wakamwachia, kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 homa ikazuka katika hospitali ya wazazi, kuangalia jikoni, mpishi anajiita Mary Brown. Wakamrudisha kisiwani, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1938. Zamani nilimwona mwanamke mkaidi. Siku ile, nikiwa nimekaa ukingoni mwa beseni na simu mkononi, nilimwelewa vizuri mno. Alijisikia mzima, na alihitaji kazi. Mimi pia. Tofauti ni kwamba wanaokula kwangu wana miaka themanini na tisini, na mmoja wao hunipungia mkono kila siku kwa kijiko cha uji.

Nikapiga.

"Nimetapika," nikasema.

Bosi akavuta pumzi. "Pole. Ni nini, unadhani?"

"Wali."

"Wali gani?"

"Uliolala nje."

"Usiku kucha?"

"Ndiyo."

Kimya. Halafu: "Samahani, wewe si ndiye unayefanya mtihani Alhamisi?"

"Ndiye."

Alishukuru kwamba nimesema, na naamini alishukuru kweli, ila kabla simu haijakatika nilisikia akimweleza mtu wa pembeni yake. Nikangoja kusikia na mbuzi.

Alhamisi nikaenda. Msimamizi akakagua kitambulisho, simu ikazimwa na kuwekwa mbali. Maswali yenyewe sitayasimulia. Kuyatoa nje ni kosa, na ndiyo biashara ya Bwana Majibu. Niseme tu kwamba mara mbili chura alitoka mafichoni akanisaidia, na kwamba palikuwa na mahali ambapo tumbo lilijibu kabla ya kichwa. Niliposoma nilisoma hadi nukta ya mwisho, kila swali, kila jibu, kwa woga wa mtu aliyeumwa na nyoka. Nilitumia saa moja na dakika hamsini. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaniambia nimefaulu.

Cheti hicho, kinachodumu miaka mitano, kiko ukutani karibu na friji, mahali ambapo mke wangu alipendekeza kiwekwe ili kisiende bafuni. Nilikipiga picha nikamtumia Mama. Akanipigia hapohapo, vigelegele kwanza, jirani akiwemo.

"Hongera mwanangu. Sasa niambie kile kisa cha kutapika, mkeo kanieleza nusunusu. Ulikula kiporo?"

"Nilikula, Mama."

"Ulikifunika usiku?"

"Nilikifunika."

"Ukakipasha kikapata moto?"

"Nyuzi 165, Mama. Nilipima."

"Sasa kilikudhuru nini?"

Nikakaa sawa. Nilikuwa nimengoja swali hili tangu siku ya kicheko. Nikamweleza yote taratibu, mbegu isiyokufa kwa moto, uvuguvugu, sumu isiyoharibika hata ukiichemsha mara kumi. Nikamweleza hata yeye mwenyewe alivyokuwa sahihi pale Ngamiani, alipokuwa akipika kilo anazojua zitaisha, sufuria likibaki tupu anafunga, bila wali wowote wa kulala. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda, nikajua leo elimu imefika barazani.

"Mwanangu," akasema, "ulisema bismillah?"

Nikatafuta jibu. Alfajiri ile nilikuwa natazama kipimajoto.

"Unaona sasa," akasema, na nikasikia akimgeukia jirani. "Hakupiga bismillah."

Nimepekua kitabu chote, nusu za juu na nusu za chini. Sababu hiyo haimo, na sina hoja ya kumpinga nayo.